Mkono wa Upande Ule

Wataalamu wa saratani wana dodoso la maswali 30 la kupimia ubora wa maisha ya mgonjwa. Linaitwa QLQ-C30. Lilichapishwa mwaka 1993 na shirika la Ulaya linaloshughulikia utafiti na tiba ya saratani, na tangu hapo limetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100. Ni kazi ya heshima, maana kwa muda mrefu tiba ilihesabu miaka aliyoongezewa mgonjwa bila kumuuliza anaiishi vipi. Swali la kwanza linamtaka aseme kama anapata taabu kufanya kazi za nguvu, na mfano unaotolewa ni kubeba mfuko mzito wa manunuzi au sanduku la safari.

Hapa Buhongwa, na zaidi huko vijijini nyuma yake, swali hilo lingeanza na ndoo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20 na ushee. Huinuliwa kwa mikono miwili kutoka chini hadi kifuani, ikapandishwa mbele ya uso, ikatuliwa juu ya ngata kichwani. Mwanamke aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani anaijua safari hiyo sentimita kwa sentimita. Anajua inakwamia wapi. Inakwamia pale pale kifuani, kabla mkono haujavuka bega.

Buhongwa ni kata ya Jiji la Mwanza, lakini ukitaka kuielewa usiitazame kutoka mjini, itazame kutoka upande wa pili. Anayetoka Shinyanga, Kwimba au Misungwi, na anayetoka Geita na Sengerema, wote hukutana njia panda ya Usagara, wakapita Nyashishi, kisha Buhongwa, ndipo waingie Mkolani, Nyegezi na jiji lenyewe. Tangu Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko akiwa ameshika tumbo kwa kichefuchefu cha dripu za saratani. Hilo peke yake limepunguza mateso kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia. Kwa kuwa Buhongwa iko hapo mlangoni, na vyumba vyake ni nafuu kuliko vya mjini, ndiko ndugu wa watu wa vijijini walikojenga na kupanga. Matokeo yake, nyumba nyingi za huku zimewahi kulaza mgonjwa wa Hospitali ya Bugando: mama wa mtu, wifi wa mtu, shangazi wa mtu, aliyekuja na begi moja na kuku mmoja.

Dripu za saratani ya matiti kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki tatu. Mionzi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano mfululizo. Hakuna mtu wa Kwimba anayeweza kwenda na kurudi kila siku kwa mpangilio huo, kwa hiyo hukaa kwa ndugu. Zamani ilikuwa ngumu zaidi. Kabla Hospitali ya Rufaa ya Bugando haijaanza kutoa mionzi, mgonjwa wa Kanda ya Ziwa alipaswa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Wengi hawakwenda. Waliokatwa titi Mwanza na kuambiwa waende Dar kumalizia tiba walirudi nyumbani kuuza ng'ombe wa nauli, wakabaki huko huko.

Watu hudhani umbali huo unahusu kuishi au kufa tu. Unahusu pia mkono. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, aliueneza upasuaji wa kuondoa titi zima, misuli ya kifua na tezi zote za kwapani. Kwa miongo mingi dunia nzima ilimfuata, na wanawake wakaishi na mikono iliyovimba kama adhabu ya kupona. Baadaye Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Italia walionyesha kwamba kwa uvimbe uliogunduliwa mapema, kuondoa uvimbe wenyewe na kufuatisha mionzi kunampa mwanamke nafasi ile ile ya kuishi kama kuondoa titi lote. Matokeo ya wote wawili baada ya miaka 20 ya kuwafuatilia wagonjwa yalitoka mwaka 2002. Lakini habari hiyo njema ina masharti mawili: uje mapema, na mionzi iwepo. Mwanamke aliyezungukia kwanza kwa waganga, akafika hospitali uvimbe ukiwa umeshapasua ngozi, hana nafasi katika habari hiyo. Daktari atachukua titi na tezi zote anazoziona, na atakuwa amefanya sawa. Gharama ya kuchelewa hulipwa na kwapa.

Tezi za kwapani ndizo zinazochuja na kupitisha maji ya limfu kutoka mkononi. Zikiondolewa, na hasa mionzi ikipita juu yake, maji hukosa njia. Kwa wengine hakuna kinachotokea. Kwa wengine mkono huanza kujaa baada ya miezi, hata baada ya miaka, wakati mgonjwa ameshaambiwa amepona na jirani wameshaacha kuja kumjulia hali. Kwanza bangili inabana. Kisha mkono wa blauzi haupiti. Kisha mkono wote unakuwa mzito, ngozi ngumu, vidole vinene visivyoweza kushika sindano wala kufunga kitasa.

Shangazi yangu alikaa kwetu kipindi cha mionzi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha zoezi moja: asimame akiutazama ukuta, aweke vidole vya mkono wa upande ule uliofanyiwa upasuaji usawa wa kiuno, kisha avitembeze kupanda, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka maumivu yamwambie basi. Hapo aweke alama. Shangazi alichukua kipande cha mkaa jikoni. Alama ya kwanza ilikuwa chini ya bega lake. Alipanda asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya kuoga, akihesabu kwa Kisukuma, na watoto wakaufanya mchezo, wakawa wanapanda naye na kumpita makusudi hadi anawafukuza. Ukuta wa jiko letu la nje ukajaa mistari myeusi, mingine imekaribiana kama wiki nzima imepita bure, mingine imeruka kiganja kizima. Nilimuuliza anataka kufika wapi. Akanionyesha kamba ya kuanikia nguo. "Nikiifikia ile, mayu, narudi kwangu." Hakutaja miaka mitano, ambayo ndiyo hesabu ya vitabu vya saratani. Alitaja kamba.

Nadhani hapo ndipo penye hoja yangu yote. Mwanamke wa kijijini hapimi kupona kwake kwa siku alizoongezewa. Anapima kwa mambo anayoyaweza tena: kuanua nguo, kumsuka mtoto, kufunga khanga kisogoni, kumbeba mjukuu mgongoni na kumhamishia mbele bila kuomba msaada. Hospitali inafunga faili kwa kipimo kimoja, kijiji kinamfungulia faili jingine kwa kipimo kingine, na katikati hapana mtu. Alama za mkaa zilikomea Buhongwa. Aliporudi kwake hakukuwa na mtu wa kumuuliza habari za ukuta.

Kulikuwa na mashauri, lakini mashauri yenyewe yalikuwa ya marufuku. Kwa miaka mingi, hapa na kwingineko duniani, wanawake waliambiwa wasibebe kitu kizito kwa mkono huo maisha yao yote. Usichote maji. Usilime. Usitwange. Usikamue ng'ombe. Usishike kisu, usiungue, usichomwe na mwiba. Mwambie maneno hayo mtu anayeishi kwa mshahara, atatafuta wa kumsaidia. Mwambie mwanamke wa Misungwi mwenye majaruba ya mpunga, matuta ya viazi na pamba inayosubiri kuchumwa, umemwambia nini? Umemwambia kwamba ameshaacha kuwa mtu wa nyumba ile. Wapo waliotii, wakawa wanakaa mlangoni wakitazama wakamwana wakifanya kazi, na huzuni ikawala kuliko uvimbe. Walio wengi hawakutii, na kwa kuwa walikuwa wanavunja amri, waliona aibu kurudi hospitali mkono ulipovimba.

Mwaka 2009 mtafiti Kathryn Schmitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya na wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba. Nusu yao waliinua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo sana na kuongeza polepole kwa mwaka mzima, wakiwa wamevaa soksi ndefu ya kubana mkono. Uvimbe wao haukuzidi ule wa wenzao. Walipata nguvu zaidi, na vipindi vya mkono kuharibika ghafla vilipungua. Hofu ya miaka mingi iliguswa na ushahidi ikatikisika. Ningependa kila mwanamke anayeshuka kilima cha Bugando na bandeji kifuani aelezwe jambo hilo kwa lugha anayoota nayo ndoto: mkono huo unaweza kurudishiwa kazi, taratibu, ukizoezwa.

Ila jembe halijui taratibu. Mvua za kwanza zikinyesha Oktoba au Novemba, shamba lote linadai kugeuzwa ndani ya wiki chache, na asiyepanda mapema hali. Chuma cha mazoezi huongezwa nusu kilo baada ya nusu kilo, wakati jembe la mkono linakuja na uzito wake wote siku ya kwanza, kuanzia alfajiri mpaka jua la saa tano. Na Oktoba hiyo hiyo ndiyo dunia nzima imeifanya mwezi wa saratani ya matiti. Mjini kuna matembezi, fulana na utepe wa pinki, wanawake wanahimizwa kujipima, na ni vizuri wahimizwe. Wakati huo yule aliyepona mwaka jana yuko shambani anauanza upya mkono wake kwa namna mbaya kuliko zote.

Hatari nyingine ni ndogo hata mtu huona haya kuitaja. Mwiba wa sato. Mkono usio na tezi hauna ulinzi wake wa kawaida, na mwanamke wa kandokando ya ziwa anaparua samaki, anaanika dagaa, anamenya viazi vya kukausha michembe kwa kisu kikali, anaepua chungu kwa matambara. Kidole kinachomwa saa nne asubuhi, usiku mkono mzima umewaka moto na mwili unatetemeka. Watu wa nyumbani wanasema ni malaria, anameza dawa ya malaria. Anayejua angempa dawa ya kuua bakteria siku ile ile. Na kila maambukizi ya namna hiyo yanaweza kuacha njia za limfu zimeharibika zaidi, kwa hiyo mkono huenda usirudi kuwa ulivyokuwa jana yake. Glavu ya mpira, sabuni, na kujua kwamba homa yenye mkono mwekundu si ya kusubiri kesho: hivyo vitatu vingewaokolea wengi mikono yao.

Halafu kuna zizi. Waandishi wa ripoti hupenda kusema "gharama za matibabu", lakini kwa Msukuma gharama ina majina na rangi, na kila ng'ombe aliyetoka anakumbukwa. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ukomo wake ulikuwa hospitali ya mkoa, na saratani inatibiwa juu ya hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na natamani sana iwafikie watu hawa kwa ukweli wake wote. Lakini hata dawa zikitolewa bure, nauli si bure, na msindikizaji anakula. Mwanamke anarudi nyumbani na kukuta zizi limepungua. Wale wawili walikuwa wa mahari ya kijana wa pili. Yule dume alikuwa wa kukokota plau. Hakuna anayemlaumu kwa mdomo. Lakini kila jioni mifugo ikirudi anaona pengo, na anajua pengo lile ndilo uhai wake. Nimewasikia wanawake wakisema wanafanya kazi kupita uwezo wao ili "kurudisha". Uvimbe wa mkono na deni la ng'ombe ni ugonjwa mmoja, na anayetibu mmoja bila kuuliza habari za mwingine atashangaa kwa nini mgonjwa hasikii maelekezo.

Kuhusu kifua chenyewe nitasema machache, maana wenye nacho husema machache. Kanda hii ni ya pamba, na wanawake hujaza pamba kwenye sidiria. Tatizo la titi la pamba ni wepesi wake. Mtu akiinama kupalilia, linapanda hadi karibu na shingo, naye analishusha kwa kiwiko akitazama kama kuna aliyeona. Bega la upande ule nalo, likiwa limepotewa na uzito liliouzoea, huinuka, mgongo ukapinda kidogo, maumivu yakaanza. Fundi cherehani mmoja wa sokoni hapa alinionyesha dawa yake: anashona mfuko kwa ndani ya sidiria, kisha kifuko kingine cha kitambaa laini kinachotoka na kuingia, amekijaza pamba na ulezi kidogo kwa chini ili kiwe na uzito. Hakufundishwa na mtu. Mteja wake wa kwanza alilia dukani, akarudi baada ya siku mbili na mwenzake. Titi la bandia la silikoni linaloletwa kutoka nje ni ghali mno kwa watu hawa, na kifuko cha fundi kinapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa nini maarifa hayo hayapo wodini, kwenye ubao, na kipimo chake kimechorwa?

Mbali na QLQ-C30, kuna dodoso la pili, BR23, lililotolewa mwaka 1996 kwa ajili ya matiti peke yake. Linauliza juu ya mkono kuvimba na kushindwa kuuinua, na hapo limewaona wanawake wetu vizuri. Linauliza pia kama mgonjwa anajiona hapendezi tena, na linauliza mambo ya chumbani. Ni maswali ya haki. Lakini fikiria yanavyoulizwa. Mgonjwa amesindikizwa na kijana wake wa kiume, au na mkwe wake, maana ndiye mwenye simu na anayeujua mji. Kiswahili chake si kizuri, kwa hiyo huyo huyo ndiye mkalimani. Mama mzima ataulizwa kupitia kwa mkwe wake kama bado anamtamani mumewe? Atajibu kwamba hana tatizo. Mtafiti ataandika kwamba hana tatizo.

Na mume yuko wapi? Mara nyingi yuko nyumbani anachunga kilichobaki, na hakuna aliyemwambia lolote. Anasikia vijiweni kwamba ugonjwa ule unaambukiza, kwamba aliyekatwa hatakiwi kuguswa, kwamba ni mkono wa mtu. Mke anarudi akiwa amenyolewa na dawa, na kwetu mwanamke mwenye upara hudhaniwa yuko matangani. Wapo wanaume waliooa wengine kabla mionzi haijaisha. Wapo pia, na ni wengi kuliko wanavyosifiwa, waliojifunza kumkanda mke mkono kutoka vidoleni kuelekea begani kila usiku, kimya kimya, bila kumwambia rafiki hata mmoja. Wa aina ya kwanza mimi siwatetei. Lakini najiuliza wangapi wangekuwa wa aina ya pili kama daktari angewaita ndani kwa dakika kumi.

Vidonge vinakuja mwisho kwenye mazungumzo ya watu, ingawa vingestahili kuja mwanzo. Mwanamke ambaye saratani yake inalishwa na homoni hupewa tamoksifeni, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka mitano, wakati mwingine kumi. Dawa hiyo, ikimezwa miaka mitano kamili, hupunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa karibu theluthi moja. Ni ya zamani, si ghali kwa viwango vya saratani, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini humezwa na mtu ambaye haumwi, na humletea joto la ghafla, jasho la usiku na maungo kuuma, kama amezeeka kabla ya siku zake. Nani ataendelea kutoka Sengerema kila mara kufuata kidonge kinachomuumiza, wakati jirani wanamwambia amepona? Wengi huacha bila kugombana na mtu yeyote. Kichupa kinaisha, na nauli ya mwezi ule ilikuwa ya daftari za watoto.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Watakuwa wanaingia nyumba hadi nyumba, na kazi walizopangiwa ni nyingi: wajawazito, watoto, malaria, kifua kikuu. Naomba waongezewe moja. Mhudumu akija, awe na futi kamba ya fundi. Apime mkono wa upande ule na mkono wa pili, mahali pale pale. Tofauti ikifika sentimita 2, ampeleke zahanati, na pale zahanati awepo mtu anayejua kufunga bandeji ya kubana na kuonyesha zoezi la ukutani. Aombe kuona kichupa cha vidonge. Awe mwanamke, azungumze Kisukuma au Kikerewe au lugha yoyote ya nyumba ile, amtoe mkwe nje, kisha amkalishe mume na kumfundisha kukanda. Na aje Septemba. Mvua ya kwanza ikishanyesha hatamkuta mtu nyumbani.